Virginia McKenna na tembo aliyeitwa Pole Pole

Oktoba 1983, katika bustani ya wanyama ya London, tembo jike ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 20 alidungwa dawa asiamke tena. Kwa tembo, umri huo bado ni ujana. Jina lake lilikuwa Pole Pole. Alizaliwa Kenya, akapewa jina la Kiswahili, akaigiza filamu moja, akasafirishwa kwenda Uingereza akiwa zawadi, na huko akaishi kwenye jengo la zege mpaka mwisho wake.

Kwetu tunaokizungumza Kiswahili kutwa nzima, jina hilo lina uzito ambao pengine waliompa hawakuukusudia. Wao walimaanisha mwendo wa taratibu. Lakini waliliandika kwa kutenganisha maneno, na ukilisoma hivyo unabaki na "pole" mara mbili, kama mtu aliyefika msibani akakosa la kuongeza.

Mmoja wa watu waliomjua tembo huyo tangu angali mtoto ni Virginia McKenna, mwigizaji wa filamu na wa jukwaani. Habari za mwanamke huyu husimuliwa kwa pumzi moja: nyota wa sinema alikwenda Kenya mwaka 1964 kuigiza Born Free (yaani "kuzaliwa huru"), filamu ya simba jike aliyelelewa na watu, akawapenda simba, akaacha uigizaji, akawa mtetezi wa wanyama. Kila kipande hapo kina ukweli wake, ila vimeshonwa vibaya. Uigizaji hakuuacha. Na baina ya simba na utetezi kuna karibu miaka 20 ambayo simulizi hiyo inairuka kana kwamba ni wiki mbili. Miaka hiyo ndiyo yenye jambo. Ila hatuwezi kuifikia bila kurudi nyuma kidogo.

McKenna alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Utotoni aliishi miaka kama sita Afrika Kusini, akarudi Uingereza akiwa na miaka 14. Akasomea uigizaji Central School of Speech and Drama, chuo ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya jengo la Royal Albert Hall, kisha kazi ikampeleka mbali na taa za London: Dundee, mji wa bandari huko Scotland, kwenye kampuni ya maigizo ya mji ule.

Kampuni za namna hiyo zilikuwa karibu kila mji mkubwa wa Uingereza, na bila kuzielewa huwezi kukielewa kizazi kile cha waigizaji. Waigizaji walikuwa walewale mwaka mzima, ila mchezo ulibadilika kila baada ya wiki moja au mbili. Mchana mnafanya mazoezi ya mchezo ujao, usiku mnaigiza wa sasa, na kabla ya kulala unameza maneno ya unaofuata. Wiki hii wewe ni mjakazi anayeingia na sinia ya chai, wiki ijayo ni mke wa waziri. Hakuna nafasi ya kungoja hisia zije zenyewe. Pazia linafunguliwa saa ileile kila usiku, uwe na homa au usiwe nayo. McKenna alipikwa katika chungu hicho kwa miezi sita.

Mwaka 1951 alikuwa tayari kwenye majukwaa ya London. Peter Brook, mwongozaji aliyekuwa bado kijana sana, alimpa nafasi ya Perdita katika mchezo wa Shakespeare, The Winter's Tale, upande mmoja akiwa na John Gielgud, ambaye wakati huo jina lake lilitosha kujaza ukumbi. Mwaka 1955 akaigiza Rosalind, wa mchezo mwingine wa Shakespeare, As You Like It, pale Old Vic, ukumbi wa maigizo wa London. Mwaka huohuo akawa Juliet kwenye televisheni ya BBC, kazi iliyompatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa televisheni. Msomaji ayaweke hayo kichwani: kabla ya kamera za sinema kumjua vizuri, alikwishakuwa mtu wa jukwaa, na jukwaani ndiko atakuwa akirudi kila sinema inapomchosha au inapomsahau.

Kenya iliingia katika kazi yake mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1955, Hali ya Hatari ikiwa bado imetanda nchini, ilitoka filamu iitwayo Simba. Jina lisikudanganye, habari yenyewe haihusu mnyama. Ni vita vya Mau Mau vikitazamwa kutoka kwenye baraza ya nyumba ya mlowezi. McKenna ni Mary, binti wa walowezi. Dirk Bogarde ni kijana anayewasili kutoka Uingereza akakuta ndugu yake ameuawa. Mkikuyu mwenye nafasi kubwa ni daktari Karanja, na aliyemwigiza ni Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda. Cameron anaimudu nafasi yake, tena ndiye anayebeba utu mwingi wa filamu ile, lakini Mkenya akiitazama leo atajiona kama mtu anayesimuliwa habari za nyumbani kwake na mpita njia. Sehemu kubwa ya uigizaji ilifanyika studio za Pinewood, nje kidogo ya London.

Wengi wanaoandika kumhusu McKenna huipita filamu hiyo kimya. Mimi naona ni kosa, kwa sababu ukiiweka kando ya Born Free unaona kitu: sinema ya Kiingereza ilihama kutoka kuwatazama Wakenya kwa hofu, ikaenda kuwatazama wanyama wa Kenya kwa mapenzi, bila kupitia katikati, yaani kwa Wakenya wenyewe.

Kilichomtoa hasa McKenna ni filamu ya 1956, A Town Like Alice, kutoka riwaya ya Nevil Shute. Ni habari ya wanawake na watoto wa Kiingereza waliokamatwa na Wajapani huko Malaya wakati wa vita, wakawa wanatembezwa kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji kwa sababu hakuna kamanda anayetaka kubeba mzigo wao. Wanakufa njiani mmoja mmoja. Kuna namna McKenna anavyobadilika mbele ya macho yako: mwanzo ni karani wa ofisi, nywele zimepangwa, viatu vina kisigino. Kufikia katikati yuko pekupeku, amefunga shuka kiunoni kama sisi tunavyofunga kikoi, na mtoto asiye wake amekaa kwenye nyonga yake kwa namna ya mtu aliyebeba watoto maisha yake yote. Halii sana. Anatembea tu, na mwendo wenyewe unakueleza.

Kazi hiyo ilimpa tuzo ya akademia ya filamu ya Uingereza, ile tunayoijua leo kama BAFTA, na hapo pana fundo linalowachanganya watu. Utasoma mahali kwamba mwigizaji bora wa kike wa 1956 alikuwa McKenna, pengine utasoma alikuwa Anna Magnani wa Italia. Yote mawili ni kweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1960, Waingereza walikuwa na tuzo mbili, moja ya mwigizaji Mwingereza na nyingine ya mgeni. McKenna alichukua ya kwanza, Magnani ya pili. Mwenzake McKenna kwenye filamu ile, Peter Finch, alichukua ya mwigizaji bora Mwingereza wa kiume, ingawa Waaustralia humhesabu ni wao kwa kuwa alikulia kwao. Hivyo anayesema McKenna "aliwashinda wote" anatia chumvi, na anayesema tuzo yake ilikuwa ya kujipongeza nyumbani anapunguza mno.

Baada ya hapo ikaja Carve Her Name with Pride ya 1958. Safari hii alimwigiza mtu aliyekuwako kweli, Violette Szabo, mama kijana aliyerushwa kwa mwavuli Ufaransa mara mbili mwaka 1944 kufanya kazi ya ujasusi dhidi ya Wajerumani, akakamatwa, akauawa kambini Ravensbrück mapema 1945 akiwa na miaka 23. Nishani yake, George Cross, ilipokewa na bintiye mdogo kutoka mikononi mwa mfalme. McKenna aliteuliwa tena kuwania tuzo. Kumwigiza shujaa aliyekufa majuzi, ilhali mtoto wake yuko hai na anakua, si sawa na kumwigiza Rosalind. Kwa maoni yangu huo ndio uigizaji wake bora kwenye sinema, kuliko hata ule wa simba.

Kwa upande wa nyumbani, aliolewa na mwigizaji Denholm Elliott mwaka 1954, ndoa isiyodumu. Mwaka 1957 akafunga ndoa na Bill Travers, mwigizaji mrefu, mpole, aliyekuwa na jina lake mwenyewe. Wakapata watoto wanne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionekana kwenye sinema kwa nadra. Ndipo ukaja mwaliko wa Kenya.

Sasa tufungue mafundo ya Born Free, maana ni mengi.

Elsa, simba jike anayesimuliwa katika filamu hiyo, alikuwako kweli. Mwaka 1956 George Adamson, askari wa wanyamapori katika mkoa wa kaskazini wa Kenya ya kikoloni, alimpiga risasi simba jike aliyemvamia, kisha akagundua alikuwa akilinda watoto watatu. Yeye na mkewe Joy wakawalea. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, ndiye Elsa. Aliishi na akina Adamson, akafika nao hadi Kiunga kuona bahari, na baadaye wakamfundisha kuwinda na kumwachia huru upande wa Meru. Joy aliandika kitabu kilichotoka 1960 na kusomwa duniani kote. Januari 1961 Elsa akafa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kaburi lake liko Meru.

Kwa hiyo simba unayemwona kwenye filamu si Elsa. Filamu ilipigwa mwaka 1964 na 1965, miaka mitatu baada ya kifo chake, na haikupigwa Meru bali Naro Moru, miguuni mwa Mlima Kenya. Walioigiza nafasi ya Elsa ni simba kadhaa, na katika kazi nzima walitumika zaidi ya 20 wa rika mbalimbali. Hata hadithi ya uhuru, basi, ilianza na ndugu wawili kupelekwa Rotterdam. Sehemu hiyo haikutiwa kwenye wimbo wa filamu.

McKenna aliigiza Joy, Bill Travers akaigiza George, na hao hawakuwa waigizaji wawili walioajiriwa kujifanya mume na mke. Walikuwa mume na mke kweli, wamekwenda Kenya na watoto wao wadogo. Watayarishaji mwanzoni walileta simba waliofunzwa kwenye sarakasi, wakidhani ndio salama. Ikaonekana haraka kwamba simba wa sarakasi anajua amri na kiboko, hajui kutembea bega kwa bega na mtu porini kwa hiari yake. George Adamson aliyekuwa mshauri wa filamu alisukuma njia nyingine: waigizaji waishi karibu na simba ambao hawajafunzwa lolote, watembee nao kila siku, wacheze nao, wajifunze kusoma masikio, mkia na macho, mpaka wazoeane. Kamera ifuate simba anachotaka, si simba afuate kamera.

Ukiitazama filamu kwa jicho hilo, unaona mikono ya McKenna. Mtu anayemwogopa mnyama humshika kwa ncha za vidole, tayari kurudisha mkono. Yeye anamshika simba kwa kiganja kizima, kama mtu anayemsukuma ng'ombe wake apishe mlango. Simba akija kumsalimu kwa kumsugua kichwa, na kichwa hicho kina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, yeye anayumba, anacheka, anarudi mahali pake. Hakuna shule ya uigizaji inayofundisha hilo. Halikuja bure pia: mapema katika matayarisho, simba mmoja alimrukia akavunjika kifundo cha mguu. Alipopona alirudi kazini.

Walioigiza nafasi za Wakenya wawili waliomsaidia George na Joy katika kumlea Elsa, Makedde na Nuru, ni Omar Chambati na Peter Lukoye. Wapo, wanafanya kazi yao, kisha hadithi inawapita. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, miezi michache tu kabla ya wapiga picha kufika, na filamu inayoimba uhuru ikapigwa kwenye ardhi hiyo bila kulitaja jambo hilo. Sisemi filamu ni mbaya. Nasema inaona upande mmoja kwa macho makali sana.

Machi 1966 ilioneshwa mara ya kwanza London mbele ya malkia. John Barry akapata Oscar mbili, moja kwa muziki wa filamu na nyingine kwa wimbo wake, aliouandika pamoja na Don Black. McKenna aliteuliwa kuwania Golden Globe. Na simba je?

Hapo ndipo doa la kwanza lilipoingia. Kazi ilipokwisha, wengi wa simba wale wakapelekwa kwenye bustani za wanyama, baadhi Uingereza kwenyewe. George Adamson, Bill na Virginia walipigania waachiwe porini. Wakapata watatu tu: Boy na Girl, waliokuwa simba wa kufugwa wa kikosi cha jeshi la Uingereza kilichokuwa Kenya, na Ugas. George aliwachukua Meru kuwarudisha katika maisha ya mwituni.

Hili nalo lisimuliwe lote. Boy aliumia vibaya, akatibiwa, akahamishiwa Kora, pori jingine la Kenya, pamoja na George. Mwaka 1971 alimuua mmoja wa wafanyakazi wa kambi ile, na George akampiga risasi. Aliyekufa alikuwa Mkenya aliyekwenda kutafuta riziki. Simba aliyemzoea binadamu hamwogopi, na asiyemwogopa ni hatari kuliko yule wa porini asiyetaka kukuona. Maofisa wengi wa hifadhi waliliona hilo tangu mwanzo na hawakuwa maadui wa wanyama kwa kulisema. Wapenzi wa Born Free huusogeza ukurasa huo haraka.

Kora hiyohiyo ndiko alikopelekwa Christian, simba ambaye wengi mmemwona kwenye video ya zamani iliyosambaa intanetini kuanzia mwaka 2008 hivi, akiwakimbilia vijana wawili na kuwakumbatia kama binadamu. Vijana hao wa Kiaustralia walimnunua akiwa mdogo kwenye duka la Harrods, London, mwaka 1969, wakawa wakimfuga kwenye duka la fanicha mtaa wa King's Road. Siku moja Bill Travers akaingia humo kutafuta meza. Akatoka na habari ya simba, akampigia George.

Tumefika kwa Pole Pole. Bill na Virginia, pamoja na James Hill aliyeongoza Born Free, walirudi Kenya kutengeneza filamu nyepesi ya kuchekesha, An Elephant Called Slowly, iliyotoka 1970. Walipiga Tsavo, chini ya uangalizi wa David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa hifadhi upande wa mashariki na aliyewajua tembo yatima kuliko karibu mtu yeyote. Tembo aliyehitajika alikuwa mtoto wa miaka kama miwili, aliyekamatwa porini kutoka katika familia yake kwa sababu serikali ya Kenya ilikuwa imeiahidi bustani ya wanyama ya London tembo. Alikuwa na hofu na fujo, na Sheldrick akamtuliza. Kwa wiki za upigaji filamu akawa anawafuata waigizaji huku na huko, mkonga ukitafuta mifukoni mwao.

Kazi ilipokwisha, Bill na Virginia waliomba wamnunue abaki Tsavo na yatima wenzake. Jibu walilopewa ndilo kiini cha makala haya. Waliambiwa inawezekana, ila zawadi imekwisha kuahidiwa, kwa hiyo itabidi akamatwe mwingine badala yake.

Lipime jibu hilo. Ukimnunua Pole Pole, unaokoa mmoja unayemjua na kumhukumu mmoja usiyemjua. Fedha yako haifuti hitaji, inalihamisha tu kwenye familia nyingine ya tembo. Wakakataa. Pole Pole akapandishwa ndege. Simba watatu wa Born Free waliokolewa kwa sababu wenye kuwamiliki waliweza kubembelezwa au kuaibishwa. Tembo huyu alikuwa ndani ya utaratibu wa serikali kwa serikali, zawadi za heshima, na utaratibu huwezi kuulipia uondoke.

Ungedhani hapo ndipo McKenna alipoanza kupaza sauti. Hapana. Ilipita miaka kumi na kitu, na katika miaka hiyo alikuwa kazini. Alionekana katika Waterloo ya 1970, akawa mama wa watoto wanaosafiri kwa mashua katika Swallows and Amazons ya 1974, mwaka huohuo akamwigiza Clementine, mke wa Churchill, kwenye televisheni, Richard Burton akiwa Churchill. Mwaka 1979 akapanda jukwaa la London Palladium, ukumbi wenye viti zaidi ya 2,000, katika The King and I. Yul Brynner alikuwa ameiigiza nafasi ya mfalme tangu 1951 na akaifanya yake kabisa. Kusimama mbele yake kila usiku ukiwa mwalimu Anna, umevaa gauni pana kama hema, unaimba, unacheza naye ukumbi mzima bila kukanyaga pindo, kunataka pumzi za mwanariadha. McKenna, mwenye miaka 48, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia ya muziki. Siku hizo tuzo ile iliitwa ya chama cha majumba ya maonyesho ya West End. Jina la Laurence Olivier ilipewa mwaka 1984, ndiyo maana vitabu vinaitaja kwa majina mawili na watu hudhani alipata mbili.

Hiyo ndiyo miaka inayorukwa. Si miaka ya mtakatifu anayesubiri wito wake. Ni miaka ya mama wa watoto wanne anayefanya kazi yake.

Kisha mapema miaka ya 1980 ikawafikia habari kwamba Pole Pole amekuwa mkorofi na kwamba hatima yake iko mashakani. Wakaenda kumtazama. Walisimama nyuma ya uzio, kati yao na yeye kukiwa na nafasi, wakamwita kwa jina. Akageuka, akaja hadi ukingoni, akanyoosha mkonga kadiri ulivyofika, nao wakanyoosha mikono mpaka vidole vikagusa ncha ya mkonga. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 10 tangu Tsavo.

Wakafanya kampeni apelekwe mahali penye nafasi, wakatafuta hifadhi huko kusini mwa Afrika. Bustani ikaamua kumhamishia Whipsnade, tawi lake la mashambani. Siku ya kuhamishwa aliwekwa ndani ya kasha la kusafiria, akasimama humo saa nyingi, akaanguka, akaumia. Baada ya siku chache, alipokuwa amepewa dawa ya usingizi achunguzwe, ikaamuliwa asiamshwe.

Mwaka 1984 Bill, Virginia na mwana wao mkubwa, Will, walianzisha Zoo Check, shirika la kuchunguza na kupinga ufungaji wa wanyama wa porini. Mwaka 1991 likachukua jina la Born Free Foundation. Bill alizunguka miaka na kamera akirekodi wanyama wanaotikisa vichwa au kutembea duara ileile kutwa nzima, na akabuni neno la Kiingereza la kuielezea hali hiyo kama maradhi ya kufungwa. Alifariki 1994.

Na uigizaji? Mwaka uleule wa 1984, McKenna alikuwa Stratford na kampuni ya Royal Shakespeare, akiigiza Gertrude katika Hamlet, Roger Rees akiwa Hamlet na kijana Kenneth Branagh akiwa Laertes. Anayesema aliacha jukwaa kwa ajili ya wanyama hajaangalia kalenda. Tena jukwaa ndilo lililomsaidia. Mwandishi wa gazeti huja kwa sababu ni yule wa Born Free, lakini akishafika, anakuta mwanamke anayejua kufikisha sauti hadi mstari wa nyuma bila kupiga kelele.

Hoja za upande wa pili zina nguvu, na haki ni kuzitaja. Choroa wa Arabia, mnyama wa jangwani wa jamii ya swala, aliuawa wa mwisho porini mwaka 1972. Waliorudishwa katika jangwa la Oman mwaka 1982 walitokana na kundi lililozalishwa kizuizini, Phoenix huko Marekani, kwa mbegu chache zilizochangwa kutoka sehemu mbalimbali. Bustani ya London, hiyohiyo ya Pole Pole, ilichangia choroa mmoja. Hivyo mtu akiuliza kama bustani za wanyama zimewahi kuokoa kiumbe, jibu ni ndiyo. Lakini choroa walifungwa ili warudi. Pole Pole alitolewa porini, ambako tembo walikuwa bado wengi, ili watoto wa London wamtazame Jumapili.

Joy Adamson aliuawa katika hifadhi ya Shaba, Kenya, mwaka 1980, George akapigwa risasi Kora mwaka 1989. Kati ya wanne waliobeba ile filamu, wawili halisi na wawili wa kuigiza, McKenna ndiye aliyeishi muda mrefu kuliko wote. Mwaka 2004 alipewa nishani ya OBE, na mwanzoni mwa 2023, akiwa na miaka 91, akapewa cheo cha Dame, ambacho kwa mwanamke ni sawa na Sir kwa mwanamume. Waigizaji wa kike wa rika lake waliopata cheo hicho, karibu wote walikipata kwa ajili ya tamthilia. Chake kiliandikwa ni kwa huduma kwa wanyamapori.

Lile jengo la zege alimoishi Pole Pole, kazi ya msanifu Hugh Casson, bado limesimama Regent's Park. Limeorodheshwa kuwa urithi wa usanifu, kwa hiyo haliwezi kubomolewa ovyo. Tembo wa mwisho walitolewa humo mwaka 2001.